Hesabu Yangu ya Shaba, na Karatasi ya Kaboni



Juma hili sianzi na barua ya msomaji, ijapo barua ziko mezani zinangoja. Naanza na deni. Mwalimu akimfundisha mtoto jambo lisilo kweli, naye mtoto akalichukua nyumbani kana kwamba ni kweli, yule mwalimu yu mdaiwa, hata kama hakukusudia kumdanganya mtu. Mimi nilikuwa mdaiwa wa namna hiyo miaka mingi, wala sikujua.

Habari yenyewe ni hii. Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi wa redio na taa za jua hapa Kasongo, alikuja kwangu jioni moja amebeba gunia dogo. "Yambo, Mwalimu," akasema, "nimekuletea kazi yako." Nikadhani ameniletea samaki wa Lualaba. Alipolifungua gunia akatoa chombo cha kulehemu: kichwa cha shaba ya njano, kizito kama ngumi ya mtoto, shingo ya chuma, na mpini wa mti. Alikuwa amekitengeneza kwa mikono yake, akiyeyusha kufuli kuukuu na vipande vya mabomba ya maji. Pale anapofanya kazi hakuna umeme wa kutegemea, basi alitaka chombo cha kupashwa moto katika mbabula ya makaa (makala, kama tusemavyo huku Maniema), kwa desturi ya mafundi wa zamani.

"Kinashika moto vizuri," akasema, "lakini nikigusisha ncha penye waya, bati huyeyuka kidogo tu, kisha ncha inapoa. Na kule nyuma kichwa kina moto bado wa kuchoma vidole! Moto uko nyuma, haufiki mbele. Nawe, Mwalimu, ulituambia ya kuwa shaba ya njano hupitisha joto karibu sawa na shaba nyekundu."

Nilikumbuka mara moja. Nilikuwa nimewapigia hesabu ubaoni. Wenye elimu ya maumbile hupima jinsi kila kitu kinavyopitisha joto, nao hukipa kila kitu namba yake. Fikirini bonge la shaba lenye mita moja kila upande. Uso wake mmoja ukiwa na joto kuuzidi uso wa pili kwa digrii moja tu, wati za joto zinazopita ndani yake ndizo namba yenyewe. Shaba nyekundu iliyo safi ina 400 hivi. Zinki ina 116. Chuma kina 80. Basi shaba ya njano ni nini? Ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, mara nyingi sehemu 70 za shaba kwa sehemu 30 za zinki. Nikawaambia watoto: twaeni sehemu 70 katika 100 za 400, mtapata 280, twaeni sehemu 30 katika 100 za 116, mtapata 35, jumlisheni. Jawabu: 315. Hesabu safi, chaki nyeupe, na darasa zima likaiandika katika madaftari.

Jawabu la kweli ni 120 tu.

Sikulijua usiku ule. Nilimwambia yule kijana aniachie chombo, nikafungua vitabu vyangu, na kwa msaada wa simu nikasoma vipya nisivyokuwa navyo. Kadiri nilivyosoma, ndivyo uso ulivyozidi kuniwaka. Maana shaba ya njano si peke yake. Chukueni mfano ulio karibu nasi zaidi: shaba ya Katanga na bati ya Maniema hii yetu, ile inayochimbwa Kalima, Kailo na Punia. Shaba ina 400. Bati ina 67. Ukitia sehemu 10 za bati katika sehemu 90 za shaba unapata shaba ngumu, ambayo watu wa kale duniani waliitumia kwa panga na kengele. Kwa hesabu yangu ya ubaoni ingepasa iwe na 367. Ukipima utaona 50, au labda 70, kwa kadiri ilivyochanganywa. Angalieni vema: bati imetiwa kidogo, tena bati yenyewe si mpitishaji mbaya sana, lakini mchanganyiko umeanguka hata chini ya moja ya tano ya shaba safi, na mara nyingine hata chini ya bati yenyewe! Ni kama kuchanganya maziwa na maji ukapata kitu chepesi kuliko maji.

Yafaa sasa nieleze sababu.

Ninyi mliopata kujenga kanisa au shule kwa kazi ya pamoja, tunayoiita salongo, mmeona jinsi matofali yanavyotoka kwenye tanuri hata ukutani. Watu husimama mstari mmoja, huyu humpa huyu, naye humpa wa pili, na matofali yanakwenda kama maji. Sasa mtieni katikati mtu mmoja wa mkono wa kushoto, ambaye hajazoea mwendo wa wimbo wao. Yeye hachelewi tofali lake tu. Aliye mbele yake anangoja, aliye nyuma yake anajaa matofali mikononi, na moja linaanguka. Kumi wa namna yake katika watu mia hawapunguzi kazi kwa sehemu kumi, waivuruga yote. Kosa langu lilikuwa hapo. Nilidhani kila atomu ya zinki huchukua sehemu yake ya joto, na kila atomu ya shaba huchukua yake, tukijumlisha basi. Kumbe joto halichukuliwi na atomu moja moja, kila moja peke yake. Linachukuliwa na mwendo upitao katikati ya zote, na ugeni wa moja huusumbua mwendo wa zote zilizo jirani.

(Nawaomba msichukue mfano huu mkaugeuza kuwa neno juu ya makabila, kama ninavyosikia wengine wakipenda kufanya siku hizi. Madini si watu. Lugha yenyewe ninayowaandikia, iliyofika Kasongo kwa njia ya misafara kutoka pwani, ni mchanganyiko wa maneno ya Kibantu na ya Kiarabu, na huku kwetu imepokea ya Kifaransa pia, nayo yapitisha habari vizuri sana.)

Katika shaba wachukuzi wa joto ni elektroni, vile vipande vidogo sana vya atomu ambavyo katika metali huzurura huru. Atomu za shaba safi zimepangwa mistari kama michikichi katika shamba lililopimwa kwa kamba, na elektroni hukimbia katikati yake kama watoto. Atomu ya zinki au ya bati ni kisiki mahali pasipotazamiwa. Lakini viko vitu vingine ambavyo ndani yake joto halibebwi hasa na elektroni, bali na mtetemo wa atomu zenyewe: moja hutikisika, hutikisa jirani yake, na wimbi likaenda. Katika vitu hivyo, bingwa wa wote ni kaboni. Hapa ndipo kosa langu la shaba liliponifikisha mahali nisipopatazamia, nami nataka kuwachukua huko.

Kaboni mnaijua. Ni makaa yenu, ni masizi ya chungu, ni almasi za Mbuji-Mayi. Tena ni ile kalamu mnayoiita kalamu ya risasi. Jina hilo ni la uongo, watoto: ndani yake hamna risasi hata chembe. Mna madini meusi laini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita kinywe, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Milima ya Mahenge ina akiba kubwa ya kinywe, na kule Merelani vito vya tanzanaiti hupatikana katika miamba yenye kinywe. Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795 alionyesha ya kuwa udongo ukizidi kalamu huwa ngumu na kuandika kwa rangi hafifu, udongo ukipungua huwa laini na nyeusi. Huyo naye alitawala kitu kwa kukitia kitu kingine, na kila mtoto wa shule angali anakula matunda ya kazi yake, hasa wale wanaotafuna kalamu.

Kinywe ni laini kwa sababu kimeumbwa kwa karatasi juu ya karatasi. Kila karatasi ni safu moja tu ya atomu za kaboni, zimeshikana pembe sita sita kama masega ya nyuki. Ndani ya karatasi atomu zashikana kwa nguvu kubwa sana. Kati ya karatasi na karatasi hazishikani sana, basi ukisugua kalamu juu ya daftari, karatasi hizo hutelezeana na kubaki pale. Katika unene wa milimita moja ya kinywe zimo karatasi kama milioni tatu. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov walifaulu kuitenga karatasi moja peke yake. Mtacheka mkisikia walitumia nini: utepe wa gundi, ule wa kufungia vifurushi. Walibandika utepe juu ya kinywe, wakabandua, wakabandika tena, wakabandua tena, hata ikabaki karatasi yenye unene wa atomu moja. Inaitwa grafini. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Grafini yapitisha joto namna gani? Mwaka 2008, Alexander Balandin na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, waliitandika karatasi hiyo juu ya mfereji mdogo, kama daraja, wakaipasha joto katikati kwa mwali wa leza. Nuru inayorudi kutoka kwenye grafini hubadilika rangi kidogo kwa kadiri ya joto lake, basi kwa kuitazama walijua joto limepanda kiasi gani, na kwa hiyo linakimbia upesi kiasi gani. Namba waliyopata ilikuwa 5000 hivi. Vipimo vya wengine baadaye vimekuwa chini zaidi, kati ya 2000 na 5000, maana ni kazi ya shida. Lakini hata ile ndogo ni mara tano ya shaba ya Katanga. Sababu yake ni mbili tu: atomu ya kaboni ni nyepesi, na kamba zinazoifunga na jirani zake ni ngumu. Kitu chepesi kilichokazwa sana hutetema upesi, na mtetemo wake huenda mbali bila kuchoka.

Sasa yaja yale yaliyonigusa mimi mwenye hesabu ya 315.

Wapiga ngoma wetu wanajua jambo moja ambalo mtu wa shule aweza kulidharau. Hubandika kibonge cha nta au cha utomvu katikati ya ngozi ya ngoma, na sauti hubadilika. Kibonge hicho ni kidogo mbele ya ngozi nzima. Lakini ni kizito mahali pake, na mawimbi ya ngozi yakifika hapo hayapiti kama kwanza. Grafini ni ngozi ya ngoma namna hiyo, na wenye elimu wamejifunza kuibandika vibonge.

Kibonge cha kwanza ni kaboni yenyewe. Katika kila atomu 1000 za kaboni ya duniani, kama 11 ni nzito kidogo kuliko nyingine, kwa sababu zina neutroni moja zaidi. Twaziita kaboni 13, na zile za kawaida kaboni 12. Kwa moto, kwa kuliwa, kwa kuandikia, hazina tofauti yo yote. Mwaka 2012 Balandin, pamoja na Rodney Ruoff na wenzao, walitangaza ya kuwa wametengeneza grafini yenye kaboni 12 tupu, karibu isiyo na nyingine kabisa, na grafini nyingine iliyochanganywa nusu kwa nusu. Ile safi ilizidi 4000. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya nusu kwa nusu. Hebu fikirini! Hapa hakuna mgeni wa kabila jingine, ni kaboni na kaboni, ndugu wa tumbo moja, mmoja ana uzito wa kumi na mbili na mwingine wa kumi na tatu. Na tofauti hiyo ndogo yatosha kukata mbio za joto nusu nzima.

Kibonge cha pili ni atomu za wengine. Katika orodha ya viumbe vya kemia, boroni ni ya 5, kaboni ya 6, nitrojeni ya 7. Kwa kuwa ni majirani, boroni na nitrojeni zaweza kuingia katika sega la kaboni na kukaa mahali pa atomu moja bila kulibomoa. Kazi hiyo ya kumwingiza jirani kwa makusudi na kwa kipimo haina bado jina lililozoelekea katika Kiswahili. Ningeiita kutia chumvi, lakini kwetu kutia chumvi ni kuongeza uongo katika habari, nami nina uongo wa kutosha juma hili. Mimi naiita kutia chachu, kwa sababu mama anayekanda unga anajua ya kuwa kidogo chageuza donge zima.

Chachu hiyo yafanya nini kwa joto? Nitrojeni ni nzito kidogo kuliko kaboni, boroni ni nyepesi kidogo. Lakini zaidi ya uzito, kamba zake na majirani hazikazwi sawasawa na zile za kaboni kwa kaboni. Wimbi likifika hapo hutawanyika, sehemu yake inarudi, sehemu yake inakwenda kando. Katika mahesabu yaliyofanywa kwa kompyuta, atomu moja ya nitrojeni katika kila mia yatosha kupunguza upitaji wa joto hata karibu nusu. Nawaonya ya kuwa hayo ni mahesabu, si vipimo vya mkono, na mtu aliyewahi kuandika 315 ubaoni hana budi kuwa mwangalifu. Lakini njia yake ni ile ile iliyoonekana kwa kaboni 13, nayo ilipimwa. Hata mahali penye tundu, ambapo atomu moja imekosekana, pafanya kazi hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi, maana aliyeondoka katika mstari wa matofali hudhuru kuliko aliye mzembe.

Boroni inanikumbusha jambo lililo kando, lakini sitaki kuliacha. Mwaka 1942 huko Chicago walipojenga tanuri la kwanza la nyuklia, walitumia matofali ya kinywe, na iliwapasa kukitakasa sana, kwa sababu boroni kidogo mno ndani yake ingezimeza neutroni na kuuzima moto wote. Na Kongo yetu ilipata tanuri lake la nyuklia, la kwanza katika Afrika, mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, siku za mkuu wake Monsinyori Luc Gillon, padre aliyekuwa mwanafizikia. Lile nalo lilikuwa na kinywe safi kuzunguka moyo wake. Wanaodhani ya kuwa kanzu na fizikia havikai katika sanduku moja, na wamtafute katika historia.

Lakini, mtasema, kwa nini mtu ajisumbue kukitia kitu bora chachu ya kukiharibu? Joto likipita upesi, si vizuri? Ndiyo, vizuri mahali pengine. Simu zenu za mkononi zimewekewa ndani utando mwembamba wa kaboni ya namna ya kinywe, ili moto wa moyo wake utawanyike upesi usiunguze sehemu moja. Hapo twataka kaboni safi. Lakini iko kazi nyingine inayotaka kinyume chake.

Mwaka 1821 Thomas Seebeck, Mjerumani, aliona ya kuwa metali mbili zikiungwa, kiungo kimoja kikiwa na moto na cha pili baridi, nguvu ya umeme hutokea. Yaani moto wa mbabula, ambao sehemu yake kubwa hupotea bure jikoni, waweza kutoa umeme wa taa au wa simu, bila mashine inayozunguka. Shida ni moja. Kitu kinachofaa kazi hiyo yapasa kipitishe umeme vizuri, lakini joto vibaya. Maana joto likipita upesi, upande wa baridi nao unapata moto, na kazi imekwisha. Metali hupitisha vyote viwili pamoja. Mti hauvipitishi vyote viwili. Ni nani atakayefungua mlango kwa mmoja na kumfungia mwingine? Jawabu ni chachu. Nitrojeni ikiingia katika grafini huleta elektroni moja zaidi, na hiyo yaweza kusaidia umeme. Papo hapo huyatawanya mawimbi ya joto. Atomu moja, kazi mbili.

Jambo hili si ndoto. Lilifanywa zamani kwa vitu vingine. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa na Wamarekani mwaka 1977 kwenda kwenye sayari za mbali, ambako jua ni hafifu mno kwa kutoa umeme, vilipewa umeme kutokana na joto la plutoni, kwa njia ya silikoni iliyochanganywa na germani. Silikoni peke yake ina namba kama 150, germani kama 60. Mchanganyiko? Chini ya 10! Mwalimu wenu angewaambia ni 132, na Voyager isingefika mbali. Na hiyo germani si mgeni kwetu, kwa kuwa imo katika mawe ya Kipushi, huko Katanga.

Grafini yenye chachu ingali katika maabara. Akija mtu sokoni Kasongo au Kabambare kuwauzia karatasi nyeusi ya kubandika katika betri isipate kuisha, mwacheni aende zake. Ila nawaambia vijana wa sekondari: haya ni mambo ya kurasa mpya za elimu, na milango yake ni kemia na hesabu mnazosoma sasa. Mawe yetu yanatoka mbichi kwenda ng'ambo, bati na koltani, yakarudi kwetu ndani ya simu. Anayejua mawe hayo yafanya nini ndani yake huuliza maswali mengine kwa mnunuzi.

Nirudi kwenye deni langu. Nilimwita yule fundi, nikamweleza yote, nikamwandikia namba 120 mbele ya macho yake. Hakucheka, ijapo alikuwa na haki ya kucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Na wale wengine, Mwalimu?"

Kwa ajili ya hao naandika leo. Katika darasa lile wengi wamekuwa waalimu wa shule za msingi, na wengine wako upande wa Kabambare, ambako siwezi kufika kwa urahisi kwa njia ile. Yamkini hesabu yangu imekwisha andikwa ubaoni na mkono wao, na watoto wao wameinakili. Nawaomba, ndugu zangu: fungueni madaftari yenu ya zamani, futeni 315, andikeni 120. Tena msiwaambie watoto kwa maneno tu. Tafuteni kipande cha waya nene wa shaba nyekundu na kijiti cha shaba ya njano, vya urefu mmoja na unene mmoja. Bandikeni tone la nta ya mshumaa mwisho wa kila kimoja, kisha tieni ncha za pili pamoja katika sufuria ya maji yanayochemka, vikisimama mbali kidogo na mvuke. Mwacheni kila mtoto aandike kwanza ni tone gani litaanguka la kwanza, na litatangulia kwa muda gani. Nilifanya hivyo na darasa langu la mwaka huu. Waliobahatisha walikuwa wachache, na mimi sikuwa nimewaonyesha hesabu yo yote.

Fundi alikiondoa kichwa cha njano, akafanya kingine kwa waya kuukuu za shaba nyekundu alizozinunua kwa uzito, akazisokota na kuzifua hata zikawa bonge moja. Sasa chombo chalehemu vizuri. Kichwa cha njano amekiacha mezani kwangu, nacho ndicho kinachoyazuia makaratasi haya yasipeperushwe na upepo ninapoandika. Nilitaka kumlipa gharama ya kufuli na mabomba aliyoyapoteza. Alikataa fedha, akasema atakuja kudai samaki.

Juma lijalo nitaijibu barua ya mama wa Kabambare anayeuliza kwa nini chungu cha udongo hukaa na moto kuliko sufuria baada ya kuepuliwa.